Inakwenda wapi hiyo mpaka ikawie hivyo?

Swali hilo aliniuliza mama mmoja wa Ujiji, usiku wa siku ya mwisho ya kuomba nafasi za chuo, akiwa ameketi kwenye benchi ndani ya steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma, pamoja na binti yake. Binti alikuwa amejaza kila kitu: namba ya mtihani, majina matatu, shule aliyosoma, kozi alizozitaka kwa mpangilio wa mapenzi yake. Alikuwa amekwisha kubofya kitufe cha kutuma, na tangu hapo kile kiduara kilikuwa kinazunguka katikati ya skrini bila kusema ndiyo wala hapana. Mama hakuwa na hasira. Alitazama skrini, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, kwani inakwenda wapi hiyo mpaka ikawie hivyo?" Nilimjibu neno ambalo kila mwenye steshenari analo mdomoni, kwamba mtandao uko chini, naye akanyamaza. Mimi nilibaki na wasiwasi, kwa sababu muda ule ule kijana aliyekaa kwenye kompyuta ya pili alikuwa anapakua kitabu cha kurasa mia tatu, nacho kilishuka kwa dakika moja hivi. Mtandao haukuwa chini. Fomu ya binti ilikuwa inakwenda mahali, kama mama alivyohisi, na ilikuwa inakwenda na kurudi mara nyingi.

Tangu usiku ule nimetumia jioni nyingi kufuatilia safari hiyo, hasa kwa zana zilizomo ndani ya kivinjari chenyewe, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, zana ambazo mtu yeyote huziona akibonyeza kitufe cha F12 kwenye kompyuta na kuchagua sehemu ya mtandao. Humo kila ombi linaloondoka huandikwa mstari wake, pamoja na saa lilipoondoka, saa lilipojibiwa, na uzito wa jibu lake. Nimefikia maoni ambayo nayashikilia: sisi wa Kigoma hatuchelewi sana kwa sababu ya wembamba wa njia, tunachelewa kwa sababu ya wingi wa safari ambazo watengenezaji wa tovuti wanatupangia pasipo wao wenyewe kuzihesabu.

Tunapozungumzia kasi ya intaneti huwa tunachanganya mambo mawili. Moja ni upana, yaani kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja, na hilo ndilo linalotangazwa kwenye mabango na kuuzwa kwenye mabando. La pili ni muda wa safari, yaani muda ambao pakiti moja, kifurushi kidogo cha data, hutumia kutoka hapa hadi kwenye seva, kompyuta inayotunza tovuti, na jibu lake kurudi. Barabara ya Kasulu ukiitanua iwe ya njia nane, malori mengi zaidi yatapita kwa pamoja, lakini Kasulu yenyewe haitasogea karibu hata hatua moja. Ndivyo ilivyo kwa seva. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, theluthi mbili ya kasi yake angani, na hakuna bando litakalouongezea mwendo. Seva ikiwa Ulaya, ombi langu linatoka Kigoma hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, kisha linaingia baharini, linapanda pwani ya Afrika Mashariki, linapita Bahari ya Shamu, na kutokea Bahari ya Kati. Tuchukue kilomita 10,000 kwa hesabu nyepesi: kwenda ni milisekunde 50, kurudi 50, hata kama hakuna ruta moja njiani, kifaa cha kuelekeza pakiti, inayoliweka foleni. Ninapopima kutoka dukani kwangu, safari kama hiyo huwa karibu na milisekunde 190.

Wenye umri wangu wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipoanza kazi pwani yetu. Mawasiliano yetu na nje yalitegemea setilaiti zilizoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, jumla kilomita zaidi ya 140,000, kwa hiyo karibu nusu sekunde ilikwisha hata kabla seva haijafikiri lolote. Kebo za baharini zilipunguza sana muda huo, na nadhani hatukuushangaa unafuu huo ipasavyo kwa sababu kurasa nazo zilianza kunenepa wakati ule ule.

Sasa tuhesabu safari za ukurasa mmoja tu.

Kivinjari kwanza hakijui seva iko wapi. Kinajua jina lililoandikwa kwa herufi, ilhali mashine za mtandao hupelekeana mizigo kwa namba. Kwa hiyo kinauliza mfumo wa majina ya vikoa, ambao Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983, wakati faili moja lililoorodhesha kompyuta zote za mtandao lilipokuwa limekwisha kuzidiwa. Mara nyingi jibu hili hupatikana karibu, kwa mtoa huduma wako, kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekwisha kuuliza jina lile lile na jibu likahifadhiwa. Hivyo sitaihesabu safari hii, ingawa siku ambayo jina halijahifadhiwa popote nayo hugharimu.

Baada ya kupata namba, kivinjari hakiingii moja kwa moja na shida yake. Kinapiga hodi. Kinatuma pakiti ndogo inayosema, naomba tuzungumze, nami nitaanza kuhesabu kutoka namba hii. Seva hujibu karibu, nimekusikia, nami nitaanza kuhesabu kutoka namba yangu hii. Kivinjari humalizia kwa kukiri kwamba kimesikia, na katika kukiri huko kinaweza kuanza kusema neno lake. Hodi na karibu hiyo ni safari moja nzima ya kwenda na kurudi, na ni kazi ya itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, iitwayo TCP, ambayo misingi yake iliandikwa na Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974 na ambayo mtandao wa utafiti wa Marekani ulihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983.

Kisha ni suala la siri. Anwani inayoanza na herufi https ina maana kwamba kabla ya kusemwa lolote, seva ionyeshe cheti chake kilichotiwa saini na mamlaka ambayo kivinjari kinaiamini, halafu pande zote mbili zikubaliane ufunguo wa kusimba mazungumzo, ili yeyote aliye katikati, nikiwamo mimi mwenye laini ya intaneti ya duka, asisome nywila ya mteja. Sitamwambia mtu yeyote aiache hatua hii ili aokoe muda. Hata hivyo toleo la 1.2 la itifaki ya siri hii, iitwayo TLS, lilihitaji safari mbili kamili, na toleo la 1.3 la Agosti 2018 likazipunguza kuwa moja. Seva ya fomu ile ilikuwa bado inatumia la zamani.

Ndipo sasa ombi lenyewe linapoondoka. Hodi safari moja, siri safari mbili, ombi safari moja: safari nne za milisekunde 190 ni milisekunde 760, robo tatu ya sekunde, na skrini bado ni nyeupe. Kama mteja aliandika anwani bila ile s ya mwisho, seva kwanza humpokea kwenye mlango namba 80, ule usio na siri, humjibu kwa namba 301 kwamba ukurasa umehamia mlango 443, ule wa siri, na hodi inaanza upya.

Ombi lenyewe ni maandishi ya kawaida kabisa, jambo lililonistaajabisha kuliko yote. Tim Berners-Lee, aliyependekeza mfumo huu wa kurasa akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Geneva, mnamo Machi 1989 na kuwasha seva ya kwanza mwishoni mwa 1990, alianza na ombi la mstari mmoja tu: neno GET, yaani leta, likifuatwa na jina la ukurasa. Seva ilileta, ikakata simu. Tunachotumia leo, itifaki iitwayo HTTP, ni mtoto wa mstari ule. Jioni moja nilifungua dirisha jeusi la amri, nikaunganisha kwa telnet, programu ya kuzungumza na seva kwa maandishi matupu, kwenye info.cern.ch mlango 80, nikaandika kwa mkono wangu:

GET / HTTP/1.1
Host: info.cern.ch

Nikabonyeza kitufe cha kuingiza mara mbili, kwa sababu mstari mtupu ndio unaoiambia seva kwamba nimemaliza kusema. Muda kidogo ukapita, kisha ukateremka mstari wa HTTP/1.1 200 OK, ukifuatwa na maelezo machache juu ya aina ya kilicholetwa, halafu mstari mtupu, halafu ukurasa wenyewe pamoja na alama zake zote. Sikuwa na kivinjari. Nilikuwa mimi mwenyewe ndiye kivinjari, nikiwa Mwanga, nikizungumza na seva kwa lugha yake na kueleweka. Namwomba kila kijana anayesoma kompyuta afanye jambo hilo mara moja, kwa sababu baada ya hapo zile namba ambazo huwaogofya wateja zinakuwa maneno tu: 200 ni haya hapa, 404 ni sina ukurasa huo, 503 ni nimezidiwa rudi baadaye, 304 ni ulichonacho hakijabadilika, kitumie hicho hicho.

Jibu likiwa kubwa halisafiri zima. Hapa Kigoma tuna mfano wake gatini. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikafungashwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, ndipo mafundi wakaiunganisha upya na kuishusha majini mwaka 1915. Ukurasa wa intaneti nao hukatwa katika pakiti ambazo kwa kawaida hazizidi baiti 1,500, kila moja ikiwa na anwani na namba yake, na upande wa pili huzipanga kwa namba hata kama zimefika shaghalabaghala, na huomba tena ile iliyopotea.

Tofauti ni kwamba seva haitumi masanduku yote kwa mkupuo. Haiijui njia, na ikimwaga yote huenda ikaziba ruta dhaifu njiani. Kwa hiyo huanza na pakiti kumi, takriban kilobaiti 14, na kusubiri zikiriwe. Zikifika salama hutuma ishirini, kisha arobaini. Ukurasa wa kilobaiti 100 kwa hiyo huchukua safari tatu hata kwenye laini pana kiasi gani, na ndiyo maana kijana wa kitabu alifaidi kuliko binti wa fomu. Faili moja kubwa lina nafasi ya kupandisha mwendo mpaka lijaze njia. Vifaili vidogo vingi, kila kimoja kutoka kwenye seva yake, huishia kwenye hodi.

Na fomu ile ilikuwa ni vifaili vidogo. Nilipoifungua tena siku nyingine, F12 ikiwa wazi, nilihesabu maombi 118 kwa seva 14 tofauti. Kulikuwa na aina nne za herufi kutoka nje ya nchi, programu za kuhesabu wageni, picha ya jengo yenye uzito wa megabaiti mbili, na vitufe vya mitandao ya kijamii kwenye ukurasa ambao mtu anaomba nafasi ya masomo. Kila seva mpya ilitaka jina litafutwe, hodi ipigwe, cheti kionyeshwe. Kwa HTTP/1.1, ya mwaka 1997, vivinjari hufungua njia sita tu kwa kila seva, na kila njia hubeba ombi moja kwa wakati, hivyo maombi yaliyobaki hupanga foleni. Naamini waliotengeneza ukurasa huo ni watu wenye ujuzi na nia njema. Waliupima kwenye mashine nzuri iliyo karibu na seva, ambako safari ni milisekunde mbili, na safari mia za milisekunde mbili hazionekani kwa jicho.

Kuna jambo jingine kuhusu usiku ule ambalo lilinichukua siku nyingi kulielewa. Seva kwa asili haikumbuki. Kila ombi huja kama mgeni mpya, na kinachofanya seva ikutambue ni kidakuzi, kipande kidogo cha maandishi ambacho seva hukupa mara ya kwanza na kivinjari hukirudisha katika kila ombi linalofuata. Ni wazo la Lou Montulli akiwa Netscape, kampuni ya kutengeneza kivinjari, mwaka 1994. Kidakuzi hicho kina muda wake wa kuishi. Wateja wangu wengi hupoteza fomu kwa njia hii: wanajaza taratibu, wanatoka kwenda kuuliza nyumbani tarehe ya kuzaliwa ya baba, wanarudi, wanatuma, na seva inawatazama kama watu isiowahi kuwaona.

Binti yeye hakupatwa na hilo. Fomu yake ilikuwa imefika mara ya kwanza. Kilichopotea ni jibu. Itifaki inatenganisha GET, ombi la kuleta, ambalo unaweza kulirudia mara mia bila kubadilisha kitu, na POST, ombi la kupeleka, ambalo ukilirudia unaweza kuwa umefanya jambo mara mbili. Kutokea dukani hakuna namna ya kujua kama ni ombi lililokwama njiani au ni jibu lake, kwa maana ukimya ni ule ule. Nilisubiri dakika tatu, nikapakia upya, kivinjari kikanionya kwamba nitatuma fomu tena, nikakubali. Zikazaliwa namba mbili za malipo. Mama alilipia ya kwanza, iliyomfikia binti kwenye simu kwa ujumbe mfupi, na mfumo ukaendelea kusubiri ya pili. Walipata haki yao baada ya siku sita za kupiga simu, na mama wa watu alikuja dukani mara tatu kuniuliza kama nina habari yoyote. Jambo hili bado linaniuma, kwa sababu dawa yake inajulikana na ni rahisi: fomu ibebe namba ya pekee inayotolewa mara tu inapofunguliwa, na seva ikiiona namba hiyo kwa mara ya pili irudishe jibu lile lile la mwanzo badala ya kuandikisha upya.

Matoleo mapya ya HTTP yametupunguzia safari. La pili, la Mei 2015, linapitisha maombi mengi kwa pamoja kwenye njia moja. Lilibaki na udhaifu mmoja ambao hapa kwetu, tunaotegemea minara ya simu, unaonekana wazi: mizigo ya wote imepanda treni moja, na sanduku moja likipotea Uvinza, kila mwenye mzigo anasubiri mpaka liletwe jingine. La tatu, la Juni 2022, limeiacha TCP na kutumia itifaki mpya iitwayo QUIC. Hodi na siri hufanyika katika safari moja, aliyepotelewa na sanduku husubiri peke yake, na mazungumzo hutambulika kwa namba yao wenyewe, hivyo simu inaweza kuhama kutoka Wi-Fi ya dukani kwenda mnara wa barabarani bila kuanza upya. Seva ya fomu ile ingekuwa na toleo hili, zile safari nne zingekuwa mbili.

Mwaka jana shule moja ya kando ya ziwa iliniomba niitengenezee ukurasa ambao wazazi wataangalia ada na kujaza fomu ya kuwasajili watoto. Niliuweka kwenye seva iliyopo Dar es Salaam, ambayo safari yake kutoka hapa ni milisekunde 38. Niliondoa herufi za kuagizwa nje, kwa kuwa kila simu ina herufi zake zinazosomeka vizuri. Nembo ya shule niliipunguza, nikakiambia kivinjari kikae nayo mwaka mzima bila kuja kuuliza. Ukurasa wote una kilobaiti 11, unaenea katika zile pakiti kumi za mwanzo, na fomu yake ina namba ya pekee.

Siku ya kwanza ya usajili nilikaa na kumbukumbu za seva zikiwa wazi mbele yangu. Saa tatu na dakika kumi na saba usiku, ombi la POST liliingia kutoka kwenye simu ya mzazi, nadhani kutoka moja ya vijiji vya kusini ambako mnara huonekana na kupotea. Sekunde nane baadaye likaingia lile lile, na namba ya fomu ile ile. Alikuwa amebofya tena. Kwenye daftari la wanafunzi aliongezeka mtoto mmoja, na seva ikamrudishia mzazi stakabadhi ile ile ya kwanza.